Kameme FM na Muziki wa Nyumbani: Usuli wa Stesheni ya Lugha ya Mama Jijini Nairobi na Funzo Lake kwa Kiswahili

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Nyeri hufika Sagana baada ya mwendo wa kilomita zipatazo mia moja. Hapo njia hugawanyika: moja hushika upande wa Karatina na Nyeri, nyingine huelekea Kagio, Kutus na Embu. Sagana ni mji wa njia panda, na lugha ya njia panda ni Kiswahili. Muuza samaki, dalali wa mchele wa Mwea, utingo wa matatu na dereva wa lori aendaye Meru huulizana bei kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Lakini redio iliyo juu ya rafu ya duka, ile inayowashwa alfajiri na kuzimwa wakati wa kufunga, aghalabu husema Kikuyu. Mwenye duka huuza kwa Kiswahili na kusikiliza kwa Kikuyu, wala haoni ajabu yoyote.

Sisi tusomao Kiswahili ndio tuonao ajabu. Katika mijadala ya vyama vyetu swali hili halikosi kuzuka: je, stesheni za lugha za mama si adui wa lugha ya taifa? Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mzaliwa wa sehemu hizo, amewahi kusimama upande wa wanaojibu kuwa ni adui, na akapigiwa makofi. Baadaye alipoichunguza historia yenyewe aliona kuwa makofi yale hayakustahili.

Makala haya yanakusudia kueleza usuli wa Kameme FM, stesheni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2000, na ambayo ilizitangulia stesheni nyingine za kibinafsi nchini Kenya katika kutangaza kwa lugha ya mama. Tutaanza na hali ya redio kabla ya Kameme, tutazame muziki uliokuwa ukitafuta mahali pa kusikika, kisha tufuate kuzaliwa kwa stesheni yenyewe, upinzani ilioupata, na mtihani mkubwa wa mwaka 2008. Mwishoni tutauliza Kiswahili kina nini cha kujifunza. Hoja yetu ni kwamba Kameme haikukipokonya Kiswahili chochote. Ilichofanya ni kudhihirisha kuwa lugha ya mtu wa kawaida inaweza kuwa lugha ya biashara na ya heshima redioni, na funzo hilo limekifaa Kiswahili chenyewe.

Redio na Lugha za Mama Kabla ya Mwaka 2000

Redio ilianza kusikika Kenya mwaka 1928, nayo ilikuwa redio ya walowezi, kwa lugha yao na kwa habari za kwao. Mwafrika alikumbukwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale vijana wake walipokuwa vitani na jamaa zao nyumbani wakihitaji kupewa habari, au tuseme, kupewa habari ambazo serikali ilitaka wazipate. Hapo ndipo lugha za Kiafrika zilipoingia hewani.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, jambo hilo lilipewa uzito zaidi. Idhaa ya Waafrika iliundwa mwaka 1953, na katika miaka hiyo ya 1950 vikawako vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita huko Mombasa, kituo cha Ziwa huko Kisumu, na kituo cha Mlima Kenya mjini Nyeri. Msomaji na atue hapa kidogo. Redio iliyozungumza Kikuyu Nyeri katika miaka hiyo ilikuwa silaha ya serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji waliokuwa msituni, kilomita chache tu kutoka mitambo ilipokuwa. Lugha ilikuwa ya wenyeji, lakini ulimi ulikuwa wa mwingine.

Baada ya uhuru, shirika la utangazaji lilitaifishwa mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 lilirejeshewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Kiswahili kilipewa Idhaa ya Taifa, Kiingereza kikapewa idhaa yake, na lugha nyingine zikagawiwa saa chache chache katika idhaa za kimikoa. Msikilizaji wa Kikuyu alingoja zamu yake kama mtu angojaye maji ya mfereji wa kijiji: yakija huteka upesi, kwani hajui yatafungwa saa ngapi. Isitoshe, matangazo hayo yalisafiri kwa mawimbi ya masafa ya kati, ambayo hufika mbali lakini huja na mikwaruzo, hasa usiku na wakati wa mvua. Habari zilisikika vyema. Gitaa ndilo lililoumia.

Muziki Uliotafuta Mlango

Kutokuwako kwa saa za kutosha redioni hakukumaanisha kutokuwako kwa muziki. Tangu miaka ya 1960, barabara ya River Road jijini Nairobi ilikuwa kitovu cha santuri, na baadaye kanda, za lugha za Kenya. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, alikuwa nguzo ya muziki huo kwa upande wa Kikuyu. Daniel Kamau, ajulikanaye kama DK, naye alijipatia sifa kubwa kwa benga. Baadaye walifuata wengine, wakiwemo Queen Jane, aliyefariki mwaka 2010, na John De'Mathew, aliyeaga dunia katika ajali ya barabarani Agosti 2019.

Muziki huu haukuwa wa kustarehesha tu. Wimbo wa Kamaru uitwao "Ndari ya Mwarimu", uliowasema walimu wanaowataka wanafunzi wao kimapenzi, uliwaudhi walimu sana. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru aliomboleza kwa wimbo, na redio ya serikali ikaufungia nje. Hapo tunaona mgogoro wenyewe: redio ilikuwa moja, mlango ulikuwa mmoja, na bawabu alikuwa mmoja.

Kanda ilitoboa ukuta huo. Kanda hunakiliwa kwa bei nafuu, hufichwa mfukoni, na huchezwa ndani ya matatu. Mnamo Mei 1990 mtaa wa mabanda wa Muoroto, jijini Nairobi, ulipobomolewa, nyimbo za Kikuyu za kulalamikia tendo hilo zilienea kwa kanda kabla ya mwezi wa Julai, na polisi wakawavamia wauzaji na kuwakamata. Serikali ilikuwa imeelewa kwamba kulikuwa na redio nyingine nchini, redio isiyo na mitambo, iliyotangaza kutoka kituo cha matatu hadi kituo cha matatu. Gari lililopita Sagana likielekea Nyeri lilikuwa sehemu ya redio hiyo.

Katika muongo huo huo wa 1990 mtindo mwingine ulipamba moto: mugithi. Neno "mũgithi" kwa Kikuyu maana yake ni gari moshi. Wachezaji hupanga mstari, kila mmoja akimshika wa mbele yake, wakazunguka ukumbi kama mabehewa, huku mpiga gitaa mmoja akiwaburuta kwa kuunganisha nyimbo za zamani na za sasa, za dini na za ulevi, bila kupumzika. Mike Rua na Mike Murimi ni miongoni mwa waliolijenga jina la mtindo huo. Jina hili lina maana ya pekee kwa mtu wa Sagana, kwani reli ya kutoka Nairobi, iliyofika Nanyuki mwaka 1930, hupita papo hapo mjini. Gari moshi ndilo lililowapeleka wazee wetu Nairobi kutafuta kazi. Wajukuu wao huko jijini walipotaka kukumbuka nyumbani, walicheza gari moshi.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1990 palikuwa na hali hii: muziki ulikuwako, wasanii walikuwako, wasikilizaji walikuwako kwa maelfu jijini na vijijini, lakini hapakuwa na stesheni. Stesheni za FM za kibinafsi zilizokuwako Nairobi, kuanzia Capital FM ya mwaka 1996, zilizungumza Kiingereza na kupiga muziki wa Marekani na Uingereza. Kijana wa Nyeri aliyekwenda kuishi Nairobi alisikia kila kitu hewani isipokuwa kwao.

Kuzaliwa kwa Kameme

Aliyeliona pengo hilo ni Bi. Rose Kimotho, mwanamke aliyekuwa na uzoefu katika biashara ya matangazo. Kupitia kampuni yake ya Regional Reach, Kameme FM ilianza kusikika Nairobi mwaka 2000 katika masafa ya 101.1. Ujuzi wake wa biashara ya matangazo si jambo la kupuuzwa. Stesheni ya kibinafsi hailishwi na kodi ya wananchi. Hulishwa na wenye bidhaa wanaonunua dakika za kuzitangaza. Swali lililokuwa mbele yake halikuwa tu kama watu wangesikiliza. Lilikuwa kama mwenye kiwanda cha sabuni angekubali kulipa fedha ili bidhaa yake isifiwe kwa Kikuyu. Wakati huo wengi waliamini kuwa mwenye fedha husikiliza Kiingereza na asikilizaye lugha ya mama hana fedha. Kameme iliikanusha imani hiyo. Mkulima wa chai, mwenye duka, mwenye matatu na mama wa sokoni walikuwa na fedha, na sasa walikuwa na redio.

Mambo mawili yalisaidia. La kwanza ni mawimbi ya FM yenyewe. Mawimbi haya hutoa sauti safi, na gitaa la mugithi lilisikika kama lipo chumbani. Dosari yake ni kwamba husafiri kwa mstari ulionyooka kama macho yaonavyo, hivyo kilima huyazuia. Ndiyo sababu stesheni ya FM inayotaka kuvuka matuta na mabonde ya Murang'a, Kirinyaga na Nyeri hulazimika kupandisha mitambo mingine juu ya milima, na kila mtambo mpya huwa ni kama kufungua tawi la duka. La pili ni simu ya mkononi. Kampuni za Kencell na Safaricom zilianza kuwauzia wananchi huduma zao kwa upana mwaka huo huo wa 2000. Hapo awali msikilizaji aliandika barua au kadi ya salamu na kungoja majuma. Sasa aliweza kupiga simu kutoka shambani na kusikika papo hapo. Redio ilianza kuwajibu watu, na watu wakaanza kuijibu redio.

Jina la Stesheni na Somo la Kiisimu

Msomaji wa jarida hili hatatusamehe tukilipita jina bila kulichambua. "Kameme" ni neno ambalo Wakikuyu walilitumia kwa redio. Kiambishi ka- ni cha ngeli ya udogo, ambayo wingi wake ni tũ-. Lugha nyingi za Kibantu zina jozi hiyo. Kiswahili sanifu kimeiacha, kikadogosha kwa ki- na ji-: kitoto, kijitoto. Lakini katika Kiswahili cha mitaani Nairobi, na katika Sheng, ka- imerejea kwa nguvu, na watu husema "kaduka" na "kamtoto". Kwa hakika Kiswahili kinapokutana na jirani zake huazima hata viungo vya sarufi.

Uazimaji umekwenda pande zote mbili. Mtangazaji wa Kikuyu asemapo "thimũ" anatumia simu ya Waswahili. Asemapo "mbeca" anataja pesa, na "mũthigari" wake ni askari aliyebadilisha sare. Anayesikiliza Kameme akidhani amekimbia Kiswahili atakikuta kimemtangulia na kuketi.

Majina ya stesheni zilizofuata ni somo jingine. KBC ilianzisha Coro FM, na "coro" ni pembe iliyopulizwa kuwaita watu. Kampuni ya Royal Media ilianzisha Inooro FM, na "inooro" ni jiwe la kunolea. Wakamba wakapata Musyi, maana yake nyumbani. Waluhya wakapata Mulembe, salamu ya amani. Waluo wakapata Ramogi, jina la mzee wao wa asili. Wakalenjini wakapata Kass, maana yake sikiliza. Yalinganishe hayo na Capital, Nation na Kiss. Aliyeichagulia stesheni jina la pembe au la jiwe la kunolea alikwisha kuamua anasema na nani.

Upinzani wa Mwanzo

Mwaka huo huo wa 2000, Rais Daniel arap Moi alieleza hadharani kuwa utangazaji kwa lugha za kikabila ungeudhoofisha umoja wa taifa, akataka itungwe sheria ya kuzifunga stesheni katika Kiswahili na Kiingereza. Sheria hiyo haikupatikana. Kilichopatikana ni Coro FM ya shirika la serikali, ambayo ilitangaza kwa Kikuyu kile kile kilichosemekana kuwa hatari. Tena shirika hilo lilikuwa limetangaza kwa lugha za mama kwa miongo mingi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hofu ya kuligawa taifa haikuwa hofu ya bure, kama tutakavyoona. Lakini ni vigumu kuamini kwamba kilichoogopwa ni lugha peke yake. Yaelekea kilichoogopwa zaidi ni bawabu kupoteza mlango wake.

Baada ya mabadiliko ya serikali ya Desemba 2002, leseni zilitolewa kwa urahisi zaidi na stesheni za lugha za mama zikaongezeka. Ushindani ulikuwa mkali. Watangazaji walinunuliwa kama wachezaji wa kandanda, wakahama na wasikilizaji wao. Kameme yenyewe ilibadilisha wenyewe mwaka 2009 ilipochukuliwa na kampuni ya Mediamax, inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Royal Media nayo iliivusha Inooro kutoka redioni hadi kwenye televisheni mwaka 2015. Kwa wasanii faida ilikuwa dhahiri: wimbo uliokuwa ukitegemea dereva wa matatu sasa uliweza kusikika wilaya nzima katika asubuhi moja, na mwimbaji akaalikwa kuuza sauti yake ukumbini siku ya Ijumaa.

Jambo Hili Si la Kenya Pekee

Yafaa tutoke kidogo Nairobi ili tuone kuwa mkasa huu una ndugu zake. Mji wa Los Angeles nchini Marekani una mamilioni ya watu wenye asili ya Meksiko ambao lugha yao ya nyumbani ni Kihispania. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanamuziki Pedro J. González alianza kuwatangazia huko alfajiri, saa ambazo hakuna mwenye stesheni aliyezithamini, lakini ndizo saa ambazo kibarua huamka. Aliwapigia muziki, akawatangazia kazi, na akapinga kufukuzwa kwa Wameksiko nchini. Mwaka 1934 alifungwa jela kwa kesi ambayo wafuasi wake waliiona kuwa ya kubuni, na mwaka 1940 akarejeshwa Meksiko.

Mwaka 1992 stesheni ya Kihispania KLAX ya mji huo huo, iliyopiga muziki wa banda na ranchera wa vijijini Meksiko, iliongoza kwa wingi wa wasikilizaji, ikizipita stesheni zote za Kiingereza. Wakubwa wa utangazaji walipigwa na butwaa. Hawakujua kuwa mtunza bustani na mpishi wa mkahawani walikuwa na redio. Mfanano na Nairobi hauhitaji maelezo marefu: jiji kubwa, lugha isiyo ya wakubwa, muziki wa shamba, na wenye matangazo waliochelewa kuhesabu. Tofauti ni moja nayo ni nzito. Msikilizaji wa KLAX alikuwa mgeni katika nchi ya lugha nyingine. Msikilizaji wa Kameme alikuwa mwenyeji katika nchi yake.

Mtihani wa Mwaka 2008

Hatuwezi kuisifu stesheni ya lugha ya mama na kuunyamazia mtihani wake. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kenya iliwaka moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tume hiyo ilisikiliza ushahidi kuwa baadhi ya stesheni za lugha za mama, kwa vipindi vyao vya simu na mazungumzo, zilichochea chuki. Joshua Sang, mtangazaji wa Kass FM, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na kesi hiyo ikakomeshwa Aprili 2016 pasipo hatia kuthibitishwa.

Mwandishi anakumbuka safari moja ya Januari 2008 kutoka Sagana kwenda Nairobi. Ndani ya matatu redio ilikuwa ikisema, na mpiga simu mmoja alikuwa akitoa fumbo kuhusu "wageni". Abiria walicheka. Mama mmoja aliyekuwa karibu na dirisha hakucheka, kwani hakulielewa fumbo, lakini aliielewa kicheko. Alikaza kitambaa chake na kutazama nje mpaka Thika. Hakuna aliyemwambia dereva azime. Mwandishi pia hakumwambia. Hilo ndilo deni ambalo makala haya hayawezi kulilipa, ila kulikiri.

Je, kisa hicho kinathibitisha kuwa Moi alikuwa na haki mwaka 2000? Kwa haraka mtu angesema ndiyo. Lakini tutazame ushahidi mwingine. Katika nchi ya Rwanda, Wahutu na Watutsi huzungumza lugha moja, Kinyarwanda, na redio ya RTLM ilitumia lugha hiyo hiyo moja kuchochea mauaji ya halaiki ya mwaka 1994. Lugha moja haikuwaokoa. Na tukirudi Kenya, mojawapo ya maneno yaliyotumiwa kuwataja watu wasiotakiwa katika Bonde la Ufa lilikuwa "madoadoa", neno la Kiswahili safi. Neno hilo lilikuwa na ubaya kiasi cha Tume ya Uwiano na Utangamano kuliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022. Kwa hiyo chuki haichagui lugha. Huchagua kipaza sauti kisicho na msimamizi. Kosa la mwaka 2008 halikuwa kwamba mtangazaji alisema kwa lugha ya mama. Lilikuwa kwamba mtu aliyeajiriwa kupiga muziki alikabidhiwa siasa ya nchi na simu iliyo wazi, pasipo mafunzo wala mhariri.

Funzo kwa Kiswahili

Sasa turejee swali letu la mwanzo. Iwapo Kameme ingekuwa adui wa Kiswahili, tungetarajia Kiswahili kirudi nyuma redioni kuanzia mwaka 2000. Kilichotokea ni kinyume. Baada ya wenye biashara kuona kuwa lugha ya watu wa kawaida huuza, stesheni za Kiswahili nazo zilistawi. Radio Citizen imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa stesheni zenye wasikilizaji wengi zaidi nchini, na Radio Jambo na Milele FM zimepata umati wao. Lugha iliyopungukiwa na heshima ya pekee hewani ni Kiingereza, kwani haikubaki kuwa lugha pekee ya FM. Kameme ilifungua mlango na Kiswahili kikapita humo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, haioni ugomvi kati ya mambo haya. Inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, inakifanya pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Kilichobaki ni kazi, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni yetu sisi wanafunzi na walimu wa lugha.

Kwanza, tujifunze kutokana na namna stesheni hizi zinavyoitumia lugha. Mtangazaji bora wa lugha ya mama huajiriwa kwa sababu anajua methali, misemo, nyimbo za kale na adabu ya kumwamkia mzee. Umilisi wake ndio cheti chake. Katika baadhi ya stesheni za Kiswahili, mtangazaji huajiriwa kwa ucheshi wake, na lugha huachwa ijitafutie. Msikilizaji wa Sagana hahamii Kikuyu kwa sababu anakichukia Kiswahili. Huenda anakwenda mahali ambapo lugha inapikwa vizuri.

Pili, tafsiri ya habari na ya matangazo ya biashara kati ya Kiswahili na lugha za mama ni uwanja wa ajira na wa utafiti ambao idara zetu hazijaulima vya kutosha. Mwanafunzi anayeijua lugha ya kwao na Kiswahili sanifu ana mali mbili, si mzigo na mali.

Tatu, tuzifundishe stesheni zetu, za lugha yoyote, maadili ya kipaza sauti. Somo la mafumbo ambalo sisi hulisoma katika ushairi ndilo somo ambalo mhariri wa kipindi cha simu analihitaji: kujua wakati fumbo linapokoma kuwa urembo na kuwa panga.

Hitimisho

Historia ya Kameme FM ni historia ya mlango. Mkoloni aliufungua Nyeri katika miaka ya 1950 ili aseme yeye. Dola huru ikauacha wazi kidogo, kwa saa maalumu. Muziki ukatafuta upenyo kwa kanda na kwa matatu. Mwaka 2000 mfanyabiashara mmoja akaufungua, na wengi wakapita: wasanii, wenye bidhaa, wazee wa salamu, na baadaye wachochezi pia. Mlango ukifunguka, mwenye nyumba hulazimika kuwa macho. Halazimiki kuujenga ukuta.

Pale Sagana, redio juu ya rafu ingali ikisema Kikuyu, na mwenye duka angali akiuza kwa Kiswahili. Siku mteja asiyejua Kikuyu aingiapo, mwenye duka mwenye adabu hupunguza sauti ya redio, humkaribisha kwa Kiswahili, kisha akamtafsiria kichekesho kilichomfanya acheke peke yake. Mama yule wa matatu hakutafsiriwa. Tofauti kati ya watu hao wawili ndiyo kazi ambayo Kiswahili kimeachiwa katika nchi hii, nasi wenye kukisoma hatuna udhuru wa kuikataa.